Macho ya Mgeni: Nathari ya Safari na Jiji Lisiloandikwa

Wahakiki wetu wamezoea kuigawa nathari ya Kiswahili mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la ngano na hekaya. La pili ni la riwaya na hadithi fupi zilizokuja pamoja na shule na mitambo ya kupiga chapa. Kati ya mafungu hayo pana maandishi ambayo aghalabu hutajwa kwa sentensi moja na kupitwa, mfano wa kituo kidogo ambacho gari la moshi halisimami. Nayo ni habari za safari. Katika makala haya nakusudia kulishughulikia tawi moja tu la maandishi hayo, yaani habari za mgeni aliyeingia mji mkubwa asioujua, na kuuliza swali ambalo kwetu sisi tunaofundisha lugha hii katika Bonde la Ufa la kati lina uzito wake. Imekuwaje wasemaji wa Kiswahili wakaandika habari za Berlin, Petersburg na London zaidi ya karne moja iliyopita, au karibu na hapo, ilhali Nakuru, mji uliojengwa na wageni tupu na ambao tangu mwaka 2021 ni jiji kwa mujibu wa sheria, haujapata kitabu cha namna hiyo nikijuacho mimi?

Nianze na maandishi yenyewe, kwa kuwa si wasomaji wote waliopata kuyashika mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, na habari alizoandika huko zilitiwa katika mkusanyo wa Büttner uliotolewa mwaka 1894. Miaka saba baadaye, 1901, Carl Velten alitoa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna habari ya Salim bin Abakari, mtumishi wa Mjerumani aitwaye Bumiller, aliyefuatana na bwana wake mwaka 1896 kutoka Berlin mpaka Petersburg na kuendelea hadi Siberia. Kisha yuko Martin Kayamba, karani mkubwa wa Serikali huko Tanga, aliyekwenda London mwaka 1931 na kutoa mwaka uliofuata kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kando ya hawa wapo wengine walioona lakini hawakuandika kwa Kiswahili: Seyyid Barghash aliyezuru London mwaka 1875 na ambaye safari yake ilisimuliwa kwa Kiarabu, na Bibi Salme, dada yake, aliyeishi Hamburg na kuyachapa maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ham Mukasa, aliyefuatana na Apolo Kagwa kwenda Uingereza mwaka 1902, aliandika kwa Kiganda. Hao tutawaacha, ingawa siku moja mtu atafanya vema kuwasoma pamoja.

Yapo maoni ya kawaida juu ya maandishi haya, na kwa ufupi ni mawili. Wanahistoria huyachukua kuwa ni ushahidi. Huyachimba kama mtu achimbaye mchanga, wakachukua tarehe na majina ya watu, na mengine wakayaacha shimoni. Wahakiki wa fasihi, hasa wale waliolelewa katika mijadala ya miaka ya sabini, huyaona kuwa ni kasumba: Mwafrika ameitwa na mzungu, ameonyeshwa majumba, ameshangaa, amesifu, basi. Siwezi kusema kwamba maoni hayo ya pili hayana msingi. Velten ndiye aliyewataka watu wake waandike. Mwaka huo huo wa 1901 alitoa pia tafsiri ya Kijerumani, na ni dhahiri kwamba msomaji aliyemtazamia hakuwa mtu wa Bagamoyo. Kitabu cha Kayamba kilitolewa na Sheldon Press, matbaa ya kidini ya London, na sauti yake ni ya shukrani na heshima tangu mwanzo. Lakini kusema kwamba maandishi yaliagizwa si sawa na kusema kwamba mwandishi hakuwa na macho. Mashairi mengi tunayoyatukuza yaliagizwa pia, na wafalme waliokuwa na sababu zao.

Tazama vichwa vya habari vyenyewe, maana hata kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza vimekwisha kusema jambo. Salim bin Abakari ni mtumishi. Hakuchagua njia wala siku ya kuondoka, na gharama hakulipa yeye. Hata hivyo habari yake inaitwa Safari yangu ya Urusi na ya Siberia. Kimilikishi hicho cha nafsi ya kwanza umoja si jambo dogo. Bwana ndiye mwenye safari katika maisha, bali katika lugha mwenye safari ni mtumishi. Kayamba, kwa upande wake, alikuwa mtu mkubwa, mwenye kujua Kiingereza vizuri, ambaye ndiye aliyeshika kalamu. Angeweza kuandika "nilivyoona" na hakuna ambaye angemlaumu. Ameandika "tulivyoona." Nyuma ya kiambishi hicho wamesimama wenzake wawili, Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba, ambao pamoja naye walikuwa mashahidi wa Tanganyika mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Aliye chini amejitwalia umoja, na aliye juu akajificha katika wingi. Mwanafunzi akiniuliza nafsi katika fasihi ni nini, simpeleki kwenye vitabu vya nadharia kwanza. Humwonyesha vichwa hivi viwili.

Pana na lile umbo la -vyo-. Katika "tulivyoona" hakuna kiambishi cha kutendwa. Mwandishi hakusema "tulivyoviona," yaani vitu. Umbo hili ni la namna: jinsi tulivyoona. Kitabu, basi, kinajitangaza kuwa ni habari ya kuona na kutenda zaidi ya kuwa orodha ya vitu vya London. Sitaki kulipakia umbo moja la sarufi mzigo usiolifaa, na yawezekana Kayamba alifuata tu mazoea ya usemi wa wakati wake. Lakini mazoea ya usemi ndiyo hayo tunayoyafanyia kazi katika idara zetu, na kama hatuyasomi hayo sijui twasoma nini.

Katika habari za Salim bin Abakari linalonivutia zaidi kuliko yote ni lile ambalo mgeni wa kizungu barani Afrika hakulipata kwa namna ile ile. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe, kwa maana hana pa kujificha. Hata akiwa katikati ya kundi, jicho la mwewe humwangukia yeye. Salim yumo katika nchi ambamo watu hawajapata kumwona mtu mweusi. Anatazama mji, na mji unamtazama yeye. Msafiri wa kizungu aliyepita kwetu zama hizo naye alikodolewa macho, lakini alikuja na bunduki, na bendera ikimfuata, na katika kitabu chake kule kutazamwa hugeuka kuwa ushahidi wa ujinga wa wenyeji. Salim hana bunduki. Anaeleza kushangaliwa kwake kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba hana budi kupita. Kisha, safari ikimfikisha kwa Waislamu wa nchi zile, mizani inageuka: mtu aliyekuwa ajabu akawa ndugu wa imani, na yule bwana wake Mjerumani akawa ndiye mgeni zaidi. Mwandishi wa riwaya angetumia sura nzima kulitengeneza jambo hilo. Hapa limepita bila kupigiwa tarumbeta.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ni kisa cha upande wa pili. Yeye naye alifundisha Kiswahili Berlin, kuanzia mwaka 1900, akaishi huko na kufia huko mwaka 1927. Kati ya Waswahili wote wa zama zile waliojua kalamu, hakuna aliyekuwa na nafasi kubwa kuliko yeye ya kutuandikia mji wa kizungu kutoka ndani, si kwa macho ya siku tatu. Lakini kitabu kilichobaki na jina lake ni kile cha desturi za Waswahili, cha mwaka 1903. Aliulizwa habari za kwao, akazijibu kwa ustadi mkubwa. Habari za Berlin hakuulizwa. Ndipo tuonapo kwamba maandishi haya yaliongozwa na mgao wa kazi: mgeni wa muda mfupi huombwa aseme alivyoshangaa, na mkazi huombwa aseme habari za alikotoka. Kuishi mjini na kuuandika mji ule ule kama mtu mwenye haki nao ni jambo ambalo halikuwa na mwagizaji.

Nije sasa kwa Kayamba na sababu ya safari yake, maana hapa ndipo London na Nakuru zinapokutana, na sijaona mhakiki wa Kiswahili aliyelisema hili. Kamati ile ya Bunge iliundwa ili kuamua kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya utawala mmoja. Muungano huo ulitakiwa sana na walowezi wa Kenya, kwa masharti yao wenyewe, na kama walowezi hao walikuwa na makao makuu ya roho zao, basi yalikuwa katika bonde hili letu. Bwana Delamere, kiongozi wao, aliyekufa mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 1931, alikuwa na mashamba Njoro na Soysambu. Ukisimama Njoro leo, ambako Chuo Kikuu cha Egerton kimejengwa penye shule ya kilimo iliyoanzishwa na mlowezi mwingine mwaka 1939, umesimama katikati ya ile nchi ambayo matamanio yake yaliwapeleka Kayamba na wenzake London. Kenya nayo ilipeleka mashahidi: Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua. Parmenas Mockerie alikwenda kwa niaba ya chama cha Wakikuyu pamoja na Jomo Kenyatta, akaja kuandika kitabu chake kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1934.

Kwa hiyo tukisoma ukurasa wowote wa Kayamba juu ya mitaa ya London hatuna budi kukumbuka kwamba mtu huyu hakwenda kutalii. Amekwenda kutoa ushahidi. Kusifu kwake kuna kazi ya kufanya: mtu anayeonekana kuwa mwungwana, mpole na mwenye shukrani atasikilizwa neno lake la "hapana." Na neno la mashahidi wa Tanganyika juu ya muungano lilikuwa hilo, na kamati haikuupitisha. Wale wanaoziita sifa zake kasumba wamesoma kitabu bila kusoma safari.

Ulinganisho wenyewe ndio huu. Mwaka huo wa 1931 Mwafrika aliyefika London kwa mwaliko aliweza kutembea, kutazama na kuandika. Mwafrika aliyefika Nakuru alikuwa na kipande shingoni. Sheria ya kipande ilikuwa ikitekelezwa tangu mwaka 1920 au karibu na hapo, na mwanamume aliyeonekana mjini bila kazi ya kueleweka alikuwa mhalifu kwa kule kuwapo kwake tu. Kutazama kunahitaji nafasi ya kusimama, na kusimama Nakuru bila sababu lilikuwa kosa. Mji ulioko saa chache kwa gari la moshi ulikuwa mgeni zaidi kwa mwenyeji wa bonde kuliko London ilivyokuwa kwa Kayamba. Reli yenyewe ilifika Nakuru mwaka 1900, ikafika ziwani, Kisumu, mwaka 1901, mwaka ule ule Velten alipotoa kitabu chake. Nakuru ikatangazwa kuwa mji mwaka 1904. Waliokuja na reli walikuwa na Kiswahili chao, cha makuli, askari, wapagazi na wafanya biashara, lakini hapakuwa na Velten wa kuwaomba waandike. Labda ni heri.

Hata hivyo wageni hao hawakukaa kimya. Waliandika kwa njia ambayo mwanaisimu hana haki ya kuipuuza, yaani kwa kutia majina. Maskwota wa mashamba ya Nakuru na Naivasha, walipopunguziwa mifugo yao kwa nguvu katika miaka ya 1920, waliliita jambo hilo kifagio. Tabitha Kanogo amelieleza tukio hilo katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya maskwota. Neno ni la nyumbani, la kike, la asubuhi. Nalo linasema kwamba ng'ombe na mbuzi wa watu walichukuliwa kama takataka, na kwamba mchukuaji alijiona anasafisha. Insha nzima imo katika neno moja. Nadiriki kusema kwamba Kiswahili hiki tukiitacha cha bara, ambacho wenzetu wa pwani wamezoea kukicheka, na sisi wenyewe kukisahihisha kwa wino mwekundu, kimehifadhi mtazamo wa mgeni kwa uaminifu kuliko nathari yetu sanifu.

Au tazama ramani ya jiji. Jina la Nakuru hunasibishwa na Kimaasai, kwa maana ya mahali pa vumbi. Na jina la ziwa jirani, Elementaita, nalo hupewa maana kama hiyo. Baadaye wakaja watu wa lugha nyingine, wakajengewa mtaa, na mtaa huo unaitwa Kivumbini. Sidhani aliyeuita hivyo alikuwa amesoma kamusi ya Kimaasai. Alifika, akapuliziwa machoni, akaona kile kile alichoona mchungaji wa kale, akakisema kwa lugha yake. Kuna Bondeni, kuna Kaptembwo yenye kiambishi cha Kikalenjin, kuna Shabab, kuna Free Area ambayo haikuhitaji kutafsiriwa kwa yeyote aliyejua maana ya kutokuwa huru. Kila jina ni neno la kwanza la mtu aliyeshuka na mzigo wake.

Sasa linganisha na yale tunayowafundisha watoto kuandika. Kila mwalimu aliyesahihisha insha za shule nchini Kenya anaijua insha ya siku ya kwanza mjini. Mtoto ametoka kijijini. Alfajiri na mapema jogoo amewika. Gari limekwenda kasi kama umeme. Majumba marefu yametaka kuyabusu mawingu, naye mtoto amepigwa na butwaa, amesimama kidete kama mnara, mpaka mwizi akamchopolea kibeti. Nimezisoma insha za namna hii zilizoandikwa na vijana waliokuja Nakuru kwa mara ya kwanza kutoka Kuresoi, Molo na Mau Narok. Nakuru haina majumba mengi ya kubusu mawingu. Mawingu yenyewe yako Molo, ambako kijana huyo ametoka, na ambako asubuhi sakitu hulala juu ya viazi mpaka jua lipande. Huko ndiko mtu huweza kuyagusa mawingu kwa mkono. Lakini amefundishwa kwamba mji ni majumba, na kwamba kushangaa kuna maneno yake yaliyokwisha pangwa, na kwamba alama hutolewa kwa maneno hayo. Mwaka 1896 mtumishi wa Bumiller hakuwa na maneno yaliyopangwa. Ilimbidi atazame.

Sisemi kwamba tamathali ni mbaya. Nasema kwamba tamathali iliyokuja kabla ya kitu ni kibandiko, na mtihani unaoituza unafundisha upofu. Wenzangu wengine watajibu kwamba mtoto lazima apate kwanza akiba ya misemo kabla ya kuwa na yake. Huenda. Lakini nimeona akiba hiyo ikiendelea kukaa ghalani mpaka mwaka wa tatu wa shahada, wala haijatumika kununua chochote.

Riwaya na tamthilia zetu haziwezi kuepuka lawama hii. Chukua kazi zilizosomwa shuleni kwa muda mrefu. Maimuna wa Utengano (1980) anatorokea Rumbalola. Kidagaa Kimemwozea imo Tomoko, Mstahiki Meya imo Cheneo, Kigogo imo Sagamoyo. Miji hii ni ya maana, si ya mitaa. Ukipewa jina la mji umekwisha kupewa nusu ya maudhui. Mgeni hawezi kupotea Cheneo, kwa sababu Cheneo haina njia za kumpoteza. Najua vema desturi hii ilikotoka. Shaaban Robert aliianza kwa Kusadikika, na katika Kenya ilikuwa na sababu iliyo wazi. Abdilatif Abdalla alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya karatasi iliyoikosoa serikali bila kificho. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982, Katama Mkangi mwaka 1986. Mwandishi aliyeliita jiji kwa jina lake alikuwa akiwaonyesha polisi nyumba yake. Mji wa kubuni ulikuwa ngao, na hakuna mwenye haki ya kumcheka aliyeibeba. Ninachokiuliza ni kama ngao imebaki mkononi baada ya vita kubadilika, na kama sasa haimzuii mwandishi mwenyewe kuona mbele yake. Wanaouandika mji kwa majina yake katika Kiswahili ni waandishi wa hadithi za upelelezi, kama marehemu Ben Mtobwa katika Dar es Salaam Usiku (1990), ambao sisi wahakiki tuliwaweka katika rafu ya chini kwa jina la fasihi pendwa. Mtobwa alijua taa za barabarani ziko wapi.

Hapa nalazimika kusema jambo ambalo majarida ya idara hupenda kulikwepa. Katika Bonde la Ufa neno mgeni halina usalama. Tangu uchaguzi wa mwaka 1992 wanasiasa waliwafundisha watu kuwatenga majirani zao kwa lugha ya wenyeji na wageni. Neno madoadoa, ambalo kwa asili ni la ngozi ya ng'ombe au la nguo, likawa jina la watu wa kuondolewa. Mwezi wa Januari 2008 Nakuru na Naivasha zilishuhudia ambayo hayana haja ya kusimuliwa tena hapa, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukawa kambi ya waliofukuzwa. Assumpta Matei ameyagusa mambo ya jinsi hiyo katika Chozi la Heri (2017), naye pia ametumia mahali pa kubuni, Msitu wa Mamba. Katika nchi kama hii mwandishi anayeketi kuandika "mimi mgeni Nakuru" anaandika maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyachukua na kumpimia nayo. Na anayeandika "mimi mwenyeji" huulizwa ni mwenyeji tangu lini, na baba yake alishukia kituo gani. Nadhani hii, kuliko uvivu au mtihani, ndiyo sababu kubwa ya kitabu chetu kutoandikwa. Salim bin Abakari aliweza kuwa mgeni Petersburg kwa moyo mweupe kwa sababu hakuna aliyemdhania kwamba amekuja kudai kiwanja.

Lakini ukweli wa Nakuru ni kwamba ugeni ndio uenyeji wake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu katika mji huu watu 570,674, na ukiketi kwa saa moja katika kibanda cha chai karibu na steji ya magari ya Njoro utasikia lugha nne au tano zikipokezana, kila moja ikiingia Kiswahili kupitia mlango wake. Tarehe 1 Desemba 2021 mji ulikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la nne nchini. Magazeti yaliandika juu ya barabara na kodi. Mwanaisimu angeweza kuongeza dokezo juu ya neno lenyewe. Shina -ji la mji likipewa kiambishi ji- cha ukubwa, twapata jiji. Na kiambishi hicho, kama kila mwanafunzi wa sarufi ajuavyo, hukuza na pia huweza kudunisha: jitu si mtu aliyeongezewa heshima. Kijiji nacho, kwa umbo, kina jiji ndani yake. Siku ile ya sherehe nilimsikia mzee mmoja wa Bondeni akisema kwamba mji wake umekuzwa mpaka hautambui. Hakuwa akitania sarufi, ila sarufi ilikuwa upande wake.

Yafaa kufanywa nini katika idara? Kwanza maandishi yenyewe yasomwe. Mimi nilikishika kitabu cha Velten kwa mara ya kwanza nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili Ujerumani, mahali ambapo wanafunzi wasiojua kuagiza chai kwa Kiswahili walikuwa wakikichambua kwa bidii. Katika maktaba nyingi za huku hakionekani. Sasa nakala zake za picha zimeanza kupatikana kwa njia ya intaneti, kwa hiyo udhuru umepungua, ingawa tahajia yake ya kale na harufu yake ya ukoloni huhitaji mwalimu kando. Toleo la Afrika Mashariki, lenye maelezo ya Kiswahili na lisilopita kwa Kijerumani wala Kiingereza, ni deni letu.

Pili, nimejaribu jambo darasani ambalo wenzangu wanaweza kulikosoa. Niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi ya kueleza siku yao ya kwanza mjini Nakuru, kwa sharti kwamba wasitumie tashbihi hata moja wala msemo wowote waliofundishwa shuleni. Wengi walikwama. Baadhi waliniletea nusu ukurasa wakasema yamekwisha. Lakini waliovuka walianza kuandika mambo: kwamba makanga wa matatu huitaja Kaptembwo kwa silabi mbili tu, kwamba harufu ya magadi ya ziwa hufika mjini upepo ukigeuka, kwamba watalii bado huuliza heroe walipo ilhali maji yamepanda na wengi wa ndege hao wamehamia Bogoria.

Msichana mmoja aliyekulia Mwariki, kando ya hifadhi, alieleza jinsi maji ya Ziwa Nakuru, yaliyoanza kupanda mnamo mwaka 2010 na kulimeza hata lango kuu la zamani la hifadhi, yalivyofika kwenye ua wa jirani zao. Aliandika: "Ziwa limekuja mjini." Mwenzangu aliyesahihisha karatasi hiyo pamoja nami alipiga mstari chini ya kitenzi, akaandika pembeni "limefurika." Tulibishana kutwa. Hoja yake ilikuwa kwamba ziwa halina miguu na kwamba nilikataza tamathali mimi mwenyewe. Hoja yangu ilikuwa kwamba kufurika ni jambo la maji yanayorudi yalikotoka, na maji haya hayajarudi. Yamepiga kambi, na watu wamehama kuyapisha. Tulimwita mwenyewe tumwulize alikusudia nini. Alitutazama kwa mshangao, akasema kwamba kwao kila mtu husema hivyo.